Uzi Mwekundu wa Magunia

Laela,
14 Septemba 1993

Baba yangu Mzee Kasmir,

Shikamoo Baba. Naamini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na baridi ya huko nyumbani imepungua. Mama naye, mguu wake unaendeleaje? Nimempa Oswaldi dawa ya kuchua amletee pamoja na barua hii. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yamenifanya niandike, na nakuomba usimpe mtu akusomee.

Unakumbuka nilipopata kazi hii ya kupima ubora wa mahindi kwa Bwana Maganga. Ushirika ulikuwa umelala, watu binafsi wameruhusiwa kununua, na vijana wote wa Laela waliitaka nafasi hiyo. Nilikuja nyumbani nikirukaruka. Wewe ukasema mbele ya wageni, nami nimeshika sinia la ugali wa ulezi, kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, nitarudi kuchota maji kabla mvua haijaanza. Wageni walicheka. Na mimi nilicheka, Baba, kwa sababu nilikuamini.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, juu, katikati na chini, halafu unang'ata punje zinazotoka. Zikikatika kwa mlio ni kavu. Zikibonyea, gunia linarudi kwa mwenyewe. Ila unajua mila zetu. Kumchomea mzee gunia lake huku anakutazama ni sawa na kumwita mwongo. Kila mzee alipofika nilichuchumaa, nikapiga makofi, nikamwamkia, na nikiinuka mkono unakuwa mzito. Nikawa nachoma juu tu.

Mwezi wa sita akaja baba mdogo Eustaki na magunia arobaini, akasema ni yake. Aliniambia nisijisumbue, mtoto wa katekista hawezi kuwatilia shaka watu wa nyumbani kwake. Nikasaini. Bambo halikugusa hata gunia moja.

Baada ya wiki tatu ghala likaanza kunuka. Magunia yale yalipata joto, yakaota ukungu, ukasambaa mpaka kwenye mahindi ya watu wengine. Bwana Maganga akamshushia hasira zote mtunza ghala, mama Hellena, mjane wa Kisukuma kutoka Muze mwenye watoto wanne. Akamwita mzembe, eti ameacha paa linavuja, akamfukuza siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kalamu mkononi. Nilijiambia nani atamsikiliza mtu wa kuchota maji.

Na yule mama, kabla hajaondoka na kifurushi chake, alinishika kichwa akaniombea! Alimwomba Mungu anipe ujasiri katika kazi yangu, maana aliona naifanya kwa woga. Laiti angejua.

Jumapili kanisani tulifika kwenye ile sala ya kabla ya komunyo, ya kukiri kwamba hatustahili. Ulitukaririsha wewe tukiwa wadogo, na kila nilipokosea ulinikumbusha hiyo sehemu ya kwanza. Siku hiyo ndiyo niliisikia ya pili, kwamba Bwana akitamka neno moja tu mtu anapona. Miaka yote hiyo ulinipa nusu, Baba! Nililia kwa hasira, na sikwenda kupokea. Mungu amenipa macho na meno ya kuijua punje mbovu, nami nilijidharau mpaka mjane akakosa kazi. Nilidhani ni unyenyekevu, kumbe ni woga mtupu.

Jumatatu nilimweleza Bwana Maganga yote. Alinitukana vya kutosha, halafu akaniambia nirudi kwenye kazi yangu. Kwa ruhusa yake nilishuka Muze kumwomba mama Hellena arudi. Alinisamehe, akanipa na uji, ila alikataa kurudi mahali alipoitwa mzembe mbele ya watu. Kigoda chake bado kiko mlangoni pa ghala, nakiona kila asubuhi.

Sasa hili lililonikaa kooni. Baba mdogo hakuvuna magunia arobaini mwaka huu, wala kumi. Nilijua tangu yanashushwa. Midomo ya magunia ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu, mafundo mawili mawili, mkono wa Mama kabisa. Yalikuwa yako, Baba. Uliyapukuchua mahindi mabichi ili uwahi bei, ukamtuma mdogo wako kwa kuwa ulijua ulivyonilea, nisingethubutu. Nilipokiri kwa Bwana Maganga, nilitaja na jina lako.

Sikuandika ili uniombe radhi. Msimu ujao lete mahindi yako mwenyewe. Nitachuchumaa, nitapiga makofi, nitakuamkia kama baba yangu. Kisha nitainuka, nichukue bambo, nianzie chini.

Msalimie Coleta na wadogo zangu wote. Mama mwambie nampenda, na ushonaji wake naujua popote.

Mwanao,
Bertilla