Toleo la 37 Liko Ukutani kwa Bi Somoe

Dada Salima, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mpapura, nimeshiba ming'oko, vile viazi pori vya huku, na nimekosa nilichokifuata. Unajua nina matoleo 51 kati ya 52 ya lile jarida la zamani la vikaragosi vya wanasiasa, ambalo nyumbani mnaliita takataka. La 37 lilikuwa kwa mjane mmoja hapa, Bi Somoe. Kwenye simu aliniapia: "Halijakunjwa wala halijalowa." Kweli tupu! Marehemu mumewe alibandika jalada lake ukutani kwa uji wa muhogo, na uji ule ukishakauka hauachii.

Limechorwa kiongozi ambaye tumbo lake limefunika meza nzima. Nikatoa kisu, nikaomba nilibandue taratibu. Bi Somoe hakukataa. Alisema tu, "Ngoja nimuage." Akaugeukia ukuta: "Shikamoo mheshimiwa. Bado hujashiba?"

Kumbe mumewe, ambaye hakujua kusoma, alimwamkia hivyo kila asubuhi, wakacheka wote wawili. Siku hizi Bi Somoe anacheka peke yake.

Nikarudisha kisu mfukoni.

"Umeghairi, mjukuu wangu?"

"Nimeghairi, bibi. Mheshimiwa abaki kwake."

"Basi nawe mwamkie, usiondoke kama mgambo."

Nikamwamkia. Tukacheka, safari hii wawili.

Dada, masanduku yangu usiyatupe uani, na nafasi ya la 37 ibaki wazi hivyo hivyo. Korosho zako nimeshazifunga. Mungu akulinde, na akupe wa kucheka naye kila asubuhi.

Mdogo wako,
Hamisi