Nani Atakubali Kuwa Mjerumani

Jumatatu, 14 Aprili

Khalas. Walid ametuma ujumbe: kambi yake ya jangwani, tunakochezea vita vyetu, inafungwa, mahema yanashushwa, joto limeshapiga hodi. Jumapili ya tarehe 11 Mei ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo hakuna vita tena mpaka Oktoba.

Mpaka Oktoba – kwa wengine. Mimi mkataba wangu unaisha Juni, narudi Iringa, sirudi tena kulinda ghorofa la mtu. Kwa hiyo kwangu hiyo ni ya mwisho kabisa.

Na Lugalo yangu bado!

Msimu mzima kikundi chetu kimeigiza vita vya kila mtu isipokuwa vyangu. Wakenya wamepata vyao. Sowedi, Mganda tunayekaa naye chumba kimoja hapa Al Qusais, Dubai, amepata vya Kabalega wa kwao Bunyoro dhidi ya Waingereza. Na siku hiyo nani alikuwa Mwingereza? Mimi. Nani alikufa? Mimi. Mara mbili! Mara ya kwanza walisema nimekufa mapema mno, haikupendeza, turudie.

Kila nikiuliza: Lugalo wiki ijayo, Gervas, inshallah. Inshallah ya namna hiyo naijua. Ndiyo ile ya ofisini nikiomba likizo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimetoka lindo kule kwenye maghorofa ya JLT, nikaenda kanisani, nikasimama nje na umati mpaka miguu ikafa ganzi. Niliomba nipunguziwe hasira. Bado nasubiri majibu.

Lakini kuna jambo! Joweria amekubali. Joweria ni mwamuzi wetu, Mganda wa Masaka, anasafisha vyumba hotelini na hapendi mchezo na mtu. Amesema kwenye grupu: ya kufunga msimu ni Lugalo, yalla, mjadala umefungwa. Nilimtumia asante ndefu. Akajibu nisimjazie simu.

Sasa niwaeleze Lugalo ni nini, maana nusu ya grupu wanadhani ni hospitali tu. Mwaka 1891, karibu na Iringa, Mjerumani alikuja na msafara wake wa bunduki na mizinga. Wahehe walikuwa wamejificha majanini na mikuki. Husimuliwa kwamba afisa mmoja aliona ndege, akampiga risasi, na mlio huo Wahehe wakauchukua kuwa ishara. Wakatoka. Muda mfupi tu, msafara umekwisha.

Mimi nimezaliwa jirani na pale. Mnara niliouona utotoni ni wa Wajerumani waliokufa. Walioshinda hawana jiwe! Hilo limenikaa kooni tangu darasa la tatu. Nataka mara moja tu nishike mkuki nitoke majanini. Mara moja. Kisha nirudi kwetu.

Jumapili, 27 Aprili

Mazoezi. Aibu tupu.

Nimechonga mkuki wangu kwa mpini wa fagio, ncha ya sponji ya godoro iliyofungwa utepe mweusi. Ngao ya boksi la friji, nimeipaka rangi mpaka inafanana na ngozi ya ng'ombe. Na mgolole nimetumiwa kutoka nyumbani, mgolole wenyewe, shuka la wazee wa Kihehe, si khanga ya mtu. Nimefika nimependeza. Joweria akauliza: haya, upande wa Mjerumani nani?

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Utadhani ameuliza nani amekula nyama ya padri.

Wote wamesimama upande wa Wahehe! Wakenya, Waganda, Watanzania, hata dereva wa basi. Wahehe kibao, Mjerumani hakuna. Ibra, Mtanzania mwenzangu, akasema tupigane na ngamia wa Walid.

Nikamwendea Sowedi. Nikamwambia kaka, mimi nilikuwa Mwingereza wako. Akasema, "Sebo, wiki nzima mimi navaa yunifomu ya mtu, nasema yes sir, nafungua mlango. Jumapili pia nivae ya Mjerumani? Hapana, banange."

Na mimi je? Mimi sivai yunifomu? Nilipokuwa Mwingereza nilikuwa nimevaa suruali ya kazini! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nimekufa kwa ajili ya Hoima ya kwao Sowedi, Hoima haitaki kufa kwa ajili ya Iringa.

Tumerudi bila kupigana. Ndani ya basi nimekaa dirishani, ngao magotini.

Jumanne, 29 Aprili

Sowedi amepika matoke, akanibakizia. Nimekula. Sijamsamehe.

Jumapili, 4 Mei

Ni afadhali ningebaki kulala.

Joweria alianza na hotuba kuhusu kufa. Alikuwa na haki. Kanuni tuliichukua kwa wale Wazungu waigizaji wa vita, wa kofia za chuma, waliotukodi zamani kujaza jeshi lao kwenye tamasha: hakuna anayekuambia umekufa. Sponji ikikugusa, unajua mwenyewe, unaanguka mwenyewe. Maiti asinyanyuke, asiseme, mpaka filimbi ya mwisho. Sisi tuliipenda sana kanuni hii. Tatizo hakuna anayeifuata. Ibra akiguswa anasema imepita kwapani. Sowedi akiguswa anasema ile ni ngao. Mtu amechomwa kama mshikaki, bado anakimbia!

Anayekufa kwa uaminifu ni mmoja tu. Wote wakanigeukia mimi.

Sowedi akatoa masharti yake. Atakuwa upande wa Mjerumani, na atakuja na Waganda wote. Lakini kamanda wa Wajerumani awe Gervas. Maana kamanda anatakiwa afe wa kwanza, na asipokufa yeye vita haviendi, na hapa anayejua kufa ni Gervas.

Watu wakapiga makofi. Makofi!

Nilikataa. Nikasema mimi ndiye Mhehe pekee hapa. Nikasema Mhehe pekee ndiye awe Mjerumani, jamani, hii imekaaje? Joweria akanivuta pembeni. Akasema taratibu: Gervas, unataka Lugalo ifanyike, au unataka wewe uonekane Lugalo? Jibu nilikuwa nalo: vyote viwili! Lakini bila Mjerumani hakuna vita.

Nikakubali. Roho iliniuma mpaka nikahisi machozi, nikasingizia mchanga.

Na bado. Mkuki wangu na mgolole nani kapewa? Ibra! Ibra ni Mgogo wa Dodoma, fundi wa jipsamu, na ni mtani wangu. Mhehe na Mgogo ni watani tangu mababu, akikutukana unacheka, akichukua chako unamwachia. Angekuwa mtu mwingine ningemshika shati. Mtani hakasirikiwi. Akajifunga mgolole kama taulo la kuogea, akasema kwa sauti, "Kumbe Mhehe kunuka hivi ni nguo!" Nikacheka. Nilicheka huku nasaga meno.

Alhamisi, 8 Mei

Lindo la asubuhi. Joto la kwanza la kweli, lile linalokupiga mlango ukifunguka.

Nimewatumia sauti kwenye grupu kuwafundisha ukelele wa vita. Kwetu husemwa hata jina la Wahehe limetokana na ukelele huo: hee, hee! Unatoka tumboni. Nilijirekodi kwenye ngazi za dharura za ghorofa, mpangaji mmoja akatoka kuuliza kama kuna moto.

Majibu ya grupu: Ibra ametuma sauti ya mbwa anayekimbia. Sababu ya utani huo kila Mtanzania anaijua: eti Wahehe tunakula mbwa. Wengine wanashangilia kama wameona goli.

Natengeneza kofia ya Mjerumani kwa kadibodi. Imenikaa vizuri, na hilo pia limeniudhi.

Jumapili, 11 Mei

Naandika nikiwa maiti.

Nimelala kifudifudi, simu iko chini ya ngao iliyoangushwa hapa na Ibra. Joweria amepiga filimbi ya maji. Wazima wanakwenda hemani kunywa, halafu kila mmoja atarudi pale aliposimama. Maiti tunaletewa chupa tulipolala. Walid amesema baada ya maji ni dakika chache tu, khalas, jua hili linaua kweli. Niandike upesi.

Tulianza vizuri mno! Asubuhi mapema, mchanga bado baridi. Tulipita bondeni kwa mstari, mimi mbele na kofia yangu. Kamanda yule wa kweli husimuliwa kwamba alipanda punda. Walid ana ngamia tu, na ngamia nilimkataa. Nyuma yangu Sowedi na Waganda wake, bunduki za mbao zenye ncha za sponji begani, wanatembea vizuri kuliko jeshi lolote. Wiki nzima wanatembea hivyo, kwa nini wasijue.

Kule kwenye tuta, kimya. Joweria akapasua puto – ndiyo risasi ya ndege.

Na hapo: hee! Hee! Hee!

Wameushika! Wahuni wale, kumbe walikuwa wanafanya mazoezi kimya kimya. Sauti ilitoka tumboni, kutoka pande zote mbili. Nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye adui, nilitaka kuitikia. Ibra alinifikia wa kwanza, mgolole umefungwa sawasawa, mkuki wangu mwenyewe ukanigusa kifuani. Nikaanguka. Sijawahi kuanguka vizuri hivyo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ibra alitakiwa anipite, aende kwa Sowedi. Akasimama. Akaniangalia. Mhehe amelala chini, maiti, na yeye ni Mgogo. Akatupa mkuki mchangani!

"Jamani, Mhehe amekufa! Leo mbwa wa Iringa watalala usingizi!"

Yaani ameanza msiba. Katikati ya vita! Akajitupa chini kando yangu kama wanavyofanya watani makaburini, akapiga kelele kwamba hazikwi mtu hapa mpaka watani tupewe pilau. Akanyanyuka, akanivua kofia, akaivaa, akaanza kutembea ninavyotembea mimi lindoni, mikono nyuma, akisema kwa sauti yangu, "Wewe umekufa, mbona unatembea?" Watanzania wote wakaacha vita wakaja. Mmoja amejifunika ngao kichwani, eti ni mjane wangu. Mwingine anauliza suruali zangu atarithi nani. Wameshika mbavu, mikuki iko chini.

Na mimi siruhusiwi kusema! Nilitaka kupiga kelele: pigeni vita, wapumbavu nyie! Nikauma mchanga.

Sowedi utani wetu haujui. Aliona adui wamempa mgongo. Askari gani angeacha? Akawazungukia na watu wake, akawagusa mmoja mmoja. Na hawa waliokataa kufa msimu mzima, leo wameanguka karibu wote kwa uaminifu, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshawalegeza. Mkenya mmoja alimwahi Sowedi, akamchoma ubavuni waziwazi. Nimeona kwa jicho langu! Sowedi akasema imepita kwapani.

Mjerumani anashinda Lugalo. Mbele yangu. Siku ya mwisho.

Wahehe waliobaki ni wachache, wanakunywa maji hemani na nyuso za msiba wa kweli sasa. Wengine wanasema tumalizie hivihivi, ni mchezo tu. Mchezo! Nimesikia Joweria akiwajibu kwamba anayetaka matokeo mengine arudi akapigane, yeye hapangi mshindi.

Ibra hakwenda kunywa. Sowedi alipofika, Ibra alikuwa amejilaza tena kando yangu, wakadhani kafa, wakampita. Hajaguswa. Ni mzima! Amelala ubavu, kofia yangu bado kichwani. Nilidhani anacheka. Mabega yanatikisika.

Sasa hivi amesema, chini chini, bila kunitazama: Mhehe, ukienda zako, hapa nani atanigombeza?

Kanuni hairuhusu maiti kujibu. Mwaka wa tatu huu ananiudhi, na nitamkosa vibaya.

Filimbi imelia. Wanarudi. Sowedi anakuja upande huu polepole, kifua mbele, anakagua maiti wake.

Ibra hanyanyuki. Nimemsukuma kiatu kwa ncha ya mguu, maana yake: nyanyuka! Wewe bado mzima! Ameuokota mkuki, akaufuta mchanga kwa mgolole wangu. Nikadhani sasa anakwenda.

Ameusukuma mpaka kwenye kiganja changu. Amesema, "Shika. Si wako?"

Sponji imelowa jasho lake. Sowedi yuko karibu, haangalii chini. Joweria yuko kwenye tuta, anaangalia kila kitu.

Maiti asinyanyuke. Maiti asiseme. Nimeisema kanuni hii msimu mzima mpaka wananiigiza kwenye msiba wangu. Kuhusu mkono haikusema kitu.

Naona viatu vya Sowedi. Naweka simu chini