Salamu ya nyuma ya kibambazi

Djamila we, ikala kwanza. Edith wetu, ule mwalimu wa biologie, alichoka leo, alichoka kabisa.

Inspecteur alikuya asubui na fiche, ile karatasi ya kuonyesha vile masomo yetu iko. Iyo fiche njo inaletaka ba bancs za mupya, za batoto kukalia. Na préfet, mukubwa wa masomo, alisha kuandika mule: troisième ya Edith, élèves 45. Juu tuonekane bazuri, batoto bakaenea mu classe! Unajua Edith iko na batoto 96.

Préfet akamuambia: "Madame, bale bengine batoke, bangojee nyuma ya kibambazi. Kimya!" Edith akabatosha 51. Hakuna hata mwenye alikohola.

Inspecteur anaingia. "Bonjour, les élèves!"

Ndani banasimama: "Bonjour, monsieur l'inspecteur!"

Na kule nyuma ya kibambazi: "BONJOUR, MONSIEUR L'INSPECTEUR!"

Bote 51, Djamila. Sauti moya. Ni Edith mwenyewe njo alibafundisha kuitika vile.

Préfet, bila haya: "Ni écho, sauti ya kurudi ku kibambazi."

Écho!!

Inspecteur akaangalia dirisha, akaangalia bic yake. "Nilisha kuandika 45," asema. "Kwa 45, ba bancs zenye ziko zinaenea." Akafunga fiche, akaenda.

Écho, Djamila. Batoto 51.

Edith akabaita baingie. Plamedie, ule binti wa kukaa siku zote chini, akasimama ku mulango. "Madame, bale 45 ni banani?"

Mpaka sasa Edith iko anaandika ku tableau na craie majina ya bote 96.