Shuka la Mama Mkwe Kwenye Bomba la Moshi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize na unisaidie, maana jambo lenyewe siwezi kumweleza mtu hapa mtaani bila kuchekwa kwanza. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na karakana yangu imepakana na nyumba ya mama mkwe ukuta kwa ukuta, na ndivyo nilivyompata mke wangu, nilimwona akianika nguo huku mimi nimeshika geti la watu, nikaliangusha, na sijutii. Kazini niko na shemeji, kaka yake mke wangu, mtu mzima mwenzangu na fundi hodari kuliko mimi, ingawa hilo sijawahi kumwambia.

Miaka yote tulifanya kazi ndani ya moshi mpaka nilipojikaza nikanunua mashine ya kuunyonya, ile yenye mkono mrefu unaouvuta hadi pale unapochomelea, moshi unaingia mdomoni mwa mashine, unapita kwenye chujio, kisha feni inausukuma nje kwa bomba la ukutani. Siku tuliyoiwasha shemeji alivua kinyago chake mchana akala, akaniambia, "Shemeji, leo chakula kina ladha ya chakula." Nilifurahi kama mtoto.

Tatizo ni hilo bomba, mshauri, maana nilipotoboa ukuta sikujiuliza linatokea wapi, nilitoboa palipokuwa laini, likatokea uani kwa mama mkwe, likaitazama kamba yake ya nguo. Basi asubuhi moja akaja mlangoni na shuka jeupe mkononi, upande mmoja lina vumbi jeusi, na wateja wapo, na hakupiga kelele, angepiga kelele ningepona, alisema tu, "Baba, hili nilitandikia wageni. Chukua, litakufaa kufutia mikono," akaliweka juu ya meza yangu akaenda zake. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ni mtu ambaye mbele ya mama huyo hata kikohozi nakimeza, sasa nitaanzaje kujadiliana naye habari za bomba?

Nilichofanya ndicho kinachoninyima raha. Shemeji alikuwa ametoka kupeleka dirisha kwa mteja, nikachukua shuka lile lile, nikalikunja, nikaziba nalo bomba kwa ndani, nikalisukuma kwa nondo mpaka likakaza. Nguo za mama zikarudi kuwa nyeupe, na yeye akaanza kunisifu, anawaambia majirani, "Mkwe wangu ni muungwana, nilisema neno moja tu akalishika," na siku hizi ananiletea chai karakanani, mshauri, mimi, chai kwa mkono wake! Mashine naiwasha kila asubuhi, inanguruma vizuri kabisa, lakini moshi unapanda darini kama zamani na kutushukia, na shemeji akiuliza namwambia chujio limechoka, nimeshaagiza jingine. Sijaagiza.

Sasa shemeji anakohoa. Ni kikohozi kikavu, na jioni nyingine anapata homa na kutetemeka, asubuhi anaamka ana nafuu, anarudi kazini, na mama yake anamgombeza kwamba ni maji ya baridi anayokunywa. Juzi alikohoa mpaka akaweka chini kazi aliyoishika, na mama mkwe yuko mlangoni na chai yangu, akaniambia, "Baba, mtazame mwenzako huyo. Kifua chake sikielewi. Mwambie wewe aende hospitali, mimi hanisikii." Nikamjibu, "Nitamwambia, mama." Chai ile nikaiacha ipoe mezani.

Mke wangu nimemweleza yote, na anasema nizibue leo hii, la sivyo atamwambia kaka yake mwenyewe. Mimi nimefikiria ninunue feni ya kawaida, ile ya kusimama, ipulize moshi ututoke usoni, ili bomba libaki kama lilivyo na mama asiujue uongo wangu. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea? Naogopa kumpoteza mkwe, na naogopa zaidi kumpoteza shemeji.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Sifa.

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe Mwenye Sifa, pole, ila pole yako ni ndogo. Ile kubwa nimemwekea shemeji yako.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ambapo mama mkwe alikuomba uzibe bomba, sikupaona. Alikuletea shuka chafu. Ilitosha useme, "Samahani mama, bomba nitalihamisha," mambo yakaisha pale pale mlangoni. Wewe ukaona afadhali kumvutisha mwanawe moshi kuliko kumwangalia mama yake usoni, halafu ukaiita heshima. Hiyo ni aibu tu, bwana, na aibu yako anayeikohoa ni mtu mwingine.

Mimi ugomvi wa wakwe naujua, mashine sizijui, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimtafuta fundi wa mitambo ya hewa wa kiwanda kimoja nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye shuka aliweka kikombe chini. Anasema feni haili moshi, inauhamisha tu, na kama hewa haina pa kutokea, basi hakuna inayovutwa, hata mashine ingurume mpaka jioni. Halafu akauliza kama unajua cheche huweza kunyonywa na mkono ule zikafika kwenye bomba. Umetia kitambaa kwenye njia ya cheche, wewe mwenye kazi ya moto! Mshukuru Mungu wako kwamba tunazungumzia kikohozi tu.

Feni ya kusimama iache dukani. Itauzungusha moshi chumba kizima, na yule aliyesimama pembeni ataupata sawa na anayechomelea.

Ukimaliza kusoma hapa, zima mashine na uvute hilo shuka. Kazi ihamie nje, upepo ukiwapiga ubavuni, mpaka bomba lipande juu ya paa, mbali na dirisha na kamba ya mtu yeyote. Wewe ni fundi wa chuma, kipande cha bomba hakikushindi. Chujio ulilolisingizia nalo ulifungue, maana kama vumbi lilifika kwenye shuka, huenda limepasuka au halijakaa sawasawa, na hapo mama mkwe alikuwa anakupa taarifa ya bure, hukumwelewa. Mkirudi ndani, acha mlango wazi upande wa pili, kwa sababu hewa inayotoka lazima nyingine iingie kushika nafasi yake. Na mdomo wa mashine usogezeni karibu na moto, shubiri moja au mbili, tena ubavuni, si juu ya kichwa, ili moshi usipite usoni kwenu kwanza. Ukibisha kuhusu huo ukaribu, washa kibiriti ukinyooshe mbali: kwa kupuliza utakizima, kwa kuvuta pumzi hutakizima hata ukivuta mpaka kesho. Mashine yako nayo ina pumzi za namna hiyo.

Shemeji aende hospitali kesho, na wewe uende naye, uingie hadi kwa daktari. Njiani umwambie ulichofanya. Atakasirika, na ana haki, usijitetee. Daktari aambiwe mnachomelea chuma gani, kama kimepakwa zinki aelezwe hivyo, maana moshi wake huleta homa kama hiyo, na kwamba mashine ilikuwa imezibwa. Ukinyamaza, daktari naye atatibu maji ya baridi.

Linabaki la mama mkwe. Mke wako asikusemee, nenda mwenyewe, na shuka usilifue wala usilitupe. Nenda nalo hivyo hivyo, ulikunjue mbele yake. Alikuletea lina vumbi upande mmoja, sasa atautafuta upande safi asiuone. Mwambie kwamba hicho ni kile kidogo kilichofika kwenye bomba, kingine chote kilibaki ndani na mwanawe, tangu siku alipoanza kukusifu.

Chai anaweza akaikata. Mwache aikate.