Maboksi ya Songea

Baba Faudhia,

Chai iko kwenye chupa. Magwanda yako nimeyaanua, yako kitandani.

Nimekwenda shuleni kumwombea Faudhia uhamisho. Ndiyo, nimeyaona. Asubuhi nimeingia bandani kuokota mayai, nikakuta maboksi matupu uliyoyaficha, umeshayaandika "Songea". Askari mzima unaniogopa mimi! Ungesema tu. Mtoto anakwenda shule ya tano, na hapa ndiyo kwanza amepata rafiki.

~~Songea utakwenda peke yako.~~

Vyombo usifunge wewe. Safari iliyopita ulivunja vikombe vyote.

Na ule mpeasi usiuguse. Kote tulikopita nilipanda miche kwenye ndoo. Huu nikaupanda ardhini, kwa sababu ulisema hapa tutakaa.

Mama Faudhia