Jembe Lisilotiwa Mpini

Mpendwa Baba,

Ungekuwepo, ungeuliza swali lako mapema kuliko mimi. Unakumbuka lori lililotubeba bure pale Igawa, tukirudi na vitunguu vilivyokosa wanunuzi? Ulikataa kupanda kabla hujamwuliza dereva, “Unataka nini?” Akacheka. “Nataka mtu wa kuzungumza naye, mzee, nisisinzie.” Ulizungumza naye hadi Mbeya, lakini mkono wako haukuachia gunia.

Tabia hiyo umeniachia mimi.

Nilipomaliza darasa la nane, Baba Mdogo alikuja na habari kwamba mnunuzi mmoja wa mpunga wa Ubaruku atanilipia mafunzo ya unesi: nauli, sare, vitabu, vyote. Mama alishukuru mpaka akalia. Mimi nilimtazama Baba Mdogo. Alikuwa akiongea huku anatazama mlango.

Baadaye nikaona jembe jipya darini, limefungwa kitambaa. Mvua zikaanza. Tukalima kwa majembe yaliyolika kama vijiko, na lile jipya halikutiwa mpini. Wewe ndiye uliyenieleza, siku uliponisimulia ulivyomposa Mama, kwamba jembe la posa halilimi. Likikaa ndani, nyumba imekubali.

“Baba Mdogo, mbona lile jembe halitiwi mpini?”

“Wewe soma. Mambo ya majembe tuachie sisi.”

“Nitasoma kwa huruma ya nani?”

Akatoka nje. Mama aliendelea kupuliza moto uliokwisha kuwaka.

Jembe hilo nililirudisha Ubaruku mwenyewe. Nilimkuta yule bwana juu ya magunia yake, nikaliweka miguuni pake.

“Kwani manesi hawaolewi?” akauliza.

“Wanaolewa, wakiulizwa.”

Tangu hapo Baba Mdogo hanisalimu. Nauli ya kuja Iringa alinipa Mama. Aliuza kuku wake. Sijui alijua habari za jembe tangu lini. Sijathubutu kumwuliza, na hilo linanikosesha raha kuliko yote.

Hapa hospitali ya misheni, msichana asiye na ada huanza kwa kufua mashuka na kumwaga mabeseni ya wagonjwa. Mchana anaingia darasani na wenzake. Kazi ndiyo ada yake. Mwalimu wangu wa darasa la nane alikuwa ameniambia hivyo, nami sikumwamini mpaka nilipowaona waliotangulia wakipima wagonjwa homa. Hata hivyo niliwauliza, mmoja mmoja, kama kuna aliyezuiwa kuondoka.

Juzi Sista wa wodi alinipa viatu vyake vya zamani.

“Unataka nini, Sista?” nikamwuliza. Wenzangu wakaziba midomo.

Alitazama miguu yangu mitupu kwenye sakafu yenye maji. “Nataka usiteleze na beseni.”

Nimevivaa, Baba. Vinabana kidogo. Lakini kwanza nilivikung'uta, kimoja baada ya kingine, nione kama kuna kitu ndani.

Pumzika huko uliko. Nitaendelea kuuliza.

Mimi binti yako