Neno Nililomwita Mama Mkwe

Jumapili

Na Baraka wangu mtamu, mume wangu mpya, hakujua alivyokuwa akiniumbua!

Mama yake, mgeni wetu kutoka Bukavu, aliuliza mezani, "Mwanangu, hii *that* ya Waingereza maana yake nini?"

Baraka akafungua simu, akasoma kwa furaha. Neno la kuonyesha kilicho mbali. Katika Kiingereza cha kale lilienda na majina yasiyo ya kiume wala ya kike, mengi ya vitu. "Ukimwita mtu hivyo, Mama, ni kama kumdharau."

Nilirudisha tonge la sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani. Asubuhi nilikuwa nimemnyooshea Mama kidole nikiongea na dada yangu kwenye simu, "*That one* anakula kama askari!" Nilidhani haelewi.

Mama alinitazama. Angesema neno moja tu, na Baraka angenionaje...

"Asante," akasema. "Na huyu binti yetu amepika vizuri." Akaniwekea kipande chake cha samaki.

Kila asubuhi humpigia magoti kumwamkia, kama nilivyolelewa. Kesho ndipo nitakapopiga magoti kweli.